Sindano ya nne, au sindano ya damu yangu mwenyewe?

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Tanga, napika chapati na vitumbua kibarazani kwangu tangu watoto wakiwa wadogo. Nyonga yangu ya kushoto inaniuma huu mwaka wa pili. Si ndani kwenye kinena. Ni nje, ubavuni, pale penye mfupa unaochomoza ukipapasa juu ya paja. Ilianza kidogokidogo nikidhani ni uchovu wa kusimama. Siku hizi nikipanda ngazi mbili tatu nashika ukuta, na nikikaa kwenye kigoda kwa muda, kuinuka ni shughuli. Hatua za mwanzo natembea kama bata mpaka nyonga ipate moto.

Daktari alinibonyeza palepale, nikaruka. Akasema kuna kifuko cha majimaji kimevimba, akanichoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Nilipoona kwenye kichupa neno Depo nilimuuliza kama ananipa uzazi wa mpango kwa umri huu, akacheka sana. Basi nililala usingizi miezi minne. Sindano ya pili ilinishika wiki sita. Ya tatu, mwezi wa Februari, nilihesabu siku kumi na mbili tu, tena sukari yangu (natumia vidonge vya kisukari) ikapanda hadi 17 na ikachukua wiki nzima kurudi.

Mazoezi pia nimejaribu. Nilioneshwa kupitisha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia, kisha niinamie upande ili nyonga ivutike. Nilifanya kila siku wiki tatu. Maumivu yalizidi, nikaacha.

Sasa nimegawanyika. Daktari anasema sindano ya nne inawezekana nikitaka. Kuna kliniki Dar es Salaam wanachoma ile wanayoiita PRP: wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, wanakurudishia. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya steroidi. Mdogo wangu yuko kazini Muscat na amesema atalipa, lakini huyuhuyu ndiye aliyelipa ada ya mwanangu mwezi wa kwanza, na mimi sipendi kuwa mzigo. Mume wangu anasema tuchome ile tunayoijua. Binti yangu mkubwa anasema mama, acha sindano zote, zitakuozesha nyonga uje kuwekewa ya chuma. Na Agosti namwoza binti wa tatu. Mama wa bibi harusi hawezi kukaa kwenye kiti wageni wakiingia.

La mwisho naliandika kwa haya. Kitanda chetu kimeegemea ukuta, mimi nalala ndani, mume wangu nje. Kwa kuwa siwezi kulalia kushoto, nalalia kulia, na kulia ni ukutani. Mwaka mzima na zaidi nimempa mgongo. Najua ubavu wa kulia ni sunna, lakini naona kabisa amenyongea. Juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo amenikosea. Nilishindwa kumjibu.

Nichome ipi, Bi Mshauri?

Mlala Upande Mmoja, Tanga

*

Dada Mlala Upande Mmoja, waaleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu aliyefanya kazi ya kutibu viungo vya mwili miaka mingi, mara ya pili kama mke wa mtu. Umefunga mambo mawili kwenye pindo moja la kanga: sindano ipi, na vipi uishi katikati ya watu wanaokupenda ambao kila mmoja ana jibu lake. Nitayafungua moja moja, ingawa yanavutana.

Naanza na neno ulilopewa siku ya kwanza, kifuko. Hukudanganywa. Kwa miaka mingi maumivu ya pale ulipogusa yaliitwa hivyo, uvimbe wa kifuko cha majimaji kinacholainisha mfupa. Halafu madaktari wakaanza kutazama ndani kwa mashine za picha, altrasaundi na MRI, na walichokuta mara nyingi ni kingine. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya picha za altrasaundi za watu 877 wenye maumivu kama yako. Waliokutwa na kifuko kilichovimba walikuwa kama 20 katika kila 100. Walio wengi zaidi, karibu nusu, walikuwa na kano zilizochakaa, zile kamba za misuli ya kalio zinazokuja kushika kwenye mfupa huo. Hutupata zaidi sisi wanawake, hasa kati ya miaka 40 na 60. Kwa hiyo huna balaa la peke yako, na wala nyonga yenyewe, ule mpira unaozunguka ndani ya kikombe chake, huenda haina neno. Nyonga ya chuma huwekwa pale kiungo cha ndani kinapokuwa kimekwisha, na kiungo hicho mara nyingi huuma kinenani na kukufanya ushindwe hata kuvaa soksi. Mwambie binti yako kwa upole kwamba hofu yake ina mapenzi ndani yake lakini imekosea anwani.

Mbona nang'ang'ania kifuko na kano? Kwa sababu steroidi inatuliza, haishoni kano. Na wewe mwenyewe umeandika hesabu ambayo ningekuomba: miezi minne, wiki sita, siku kumi na mbili. Mimi nikiiona hesabu ya namna hiyo sikimbilii kusema dawa ni mbaya. Najiuliza kwanza kama sindano zote zilifika mahali pamoja. Ulichomwa kwa kupapasa, au daktari aliangalia kwenye altrasaundi sindano inapoingia? Je, kuna mtu amewahi kuipiga picha nyonga yako hata mara moja? Hukuandika. Kama kano imechanika kabisa, jambo ambalo linawezekana kwa mtu aliyeumwa mwaka na zaidi, basi ubishi wote wa sindano hii au ile ni wa bure, na wa kumwona ni daktari wa upasuaji wa mifupa. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake mbele ya kioo, mkono ukigusa ukuta. Kama nyonga ya kulia inadondoka chini na huwezi kuizuia, mweleze daktari hilo kabla ya lingine lolote.

Sasa steroidi yenyewe, maana naona nyumbani kwako imekuwa ama mkombozi ama sumu. Mwaka 2011 huko Uholanzi watafiti walichukua wagonjwa 120 wenye maumivu kama yako, wa madaktari wa kawaida wa mitaani. Baada ya miezi mitatu, waliochomwa walipona 55 katika 100, wasiochomwa 34. Baada ya mwaka mmoja walikuwa sawasawa. Hiyo ndiyo tabia yake, inakupa miezi. Miezi si kitu kidogo kwa mtu asiyelala, na simlaumu mumeo kwa kuikumbuka ile minne ya mwanzo. Lakini wewe hubishani tena juu ya sindano ya kwanza. Unabishania ya nne, na ya nne ina gharama zake. Steroidi ikirudiwarudiwa inaweza kuidhoofisha kano ambayo tayari imechoka, ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kupita tatu au nne kwa mwaka mahali pamoja. Ngozi ya pale huweza kupauka na mafuta ya chini yake kunywea. Na sukari yako imeshakuonya kwa namba. Ukiamua kuichoma, usiichome kimyakimya. Anayekutibu kisukari ajue kabla, na upime kila siku kwa wiki mbili.

(Hapa niseme na wasomaji wengine kidogo. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonavir asichomwe steroidi yoyote bila kumwambia daktari majina ya dawa zake. Zikikutana, hasa na ile iitwayo triamsinoloni, steroidi hubaki mwilini muda mrefu na kuleta madhara makubwa. Ni siri ya kumwambia daktari, si ya kumficha.)

Kuhusu neno Depo, jirani zako wengi wameshaniuliza hilohilo. Depo maana yake ni dawa iliyotengenezwa ibaki mahali na kutoka polepole. Depo-Medrol ni steroidi, Depo-Provera ni ya uzazi wa mpango. Ni majina ya ukoo mmoja wenye kazi mbili tofauti. Na zote mbili si ile diklofenaki ya kutuliza maumivu unayochomwa takoni ukienda zahanati na mgongo. Hiyo huzunguka mwili mzima na kwisha kwa siku moja.

Tuje Dar es Salaam. PRP ni damu yako, imezungushwa mpaka chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikajikusanya kwenye plazma, yaani maji ya damu, kisha ile plazma inachomwa kwenye kano. Matumaini ni kwamba zile chembe, ambazo kazi yake ni kuziba na kuita ukarabati panapoumia, zitaiamsha kano ijijenge. Habari njema ni hii: mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 80 wenye kano za kalio zilizochakaa, nusu wakachomwa PRP mara moja na nusu steroidi. Kufika wiki ya 12 wa PRP walikuwa mbele, na waliofuatiliwa miaka miwili bado walikuwa wazuri. Kliniki nyingi zinazouza PRP husimamia hapo. Mimi naongeza mawili. Katika jaribio hilo, waliopewa steroidi ambao haikuwafaa waliruhusiwa baadaye kuhamia PRP, kwa hiyo ile miaka miwili haina watu wa kulinganishwa nao vizuri. Na mwaka 2019 huko New Zealand walilinganisha PRP na sindano ya maji ya chumvi tu, wasione tofauti. Kwa hiyo sikwambii ni utapeli, na siwezi kukuambia uuze mkufu.

Damu yako ni yako, haiwezi kukukataa, na haipandishi sukari kama steroidi. Hilo ni jema kwa mtu kama wewe. Lakini inauma, pengine siku kadhaa kuliko ulivyokuwa, na matunda yake huja kwa wiki na miezi. Mara nyingi utaambiwa uache vidonge vya kutuliza uvimbe kabla na baada, maana vinapingana na kile kinachotafutwa. Kama unaiwazia harusi ya Agosti, hesabu tarehe. Na kabla mdogo wako hajatuma hata riali moja, piga simu kliniki uulize: nani anachoma, anatumia altrasaundi, ni sindano ngapi, na zisipofaa kinafuata nini? Wakikuambia ni sindano tatu kabla hawajakugusa nyonga, waulize wamejuaje.

Nimefika kwenye jambo ambalo wewe umelipa mistari minne na mimi ningelipa barua nzima. Mazoezi. Umeandika "nimejaribu", kana kwamba umefunga mlango. Dada, sikushuku wewe. Naushuku ule mvuto wa kupitisha mguu nyuma na kuinama. Kano yako inapita juu ya mfupa kama kamba ya ndoo inavyopita kwenye ukingo wa kisima. Ukivuta mguu uvuke upande wa pili, kamba inakazwa na kusuguliwa palepale inapochanika nyuzi. Wewe ulifanya hivyo kila siku, wiki tatu, kwa utiifu, na maumivu yakazidi. Ningeshangaa yasipozidi.

Kano za namna hii hutaka kubebeshwa kazi kidogokidogo, bila kuvutwa. Huanza ukiwa umelala chali, kanga imefungwa mapajani juu ya magoti, unasukuma magoti nje bila kwenda popote, unashikilia, unaachia. Kisha kunyanyua makalio. Kisha kusimama, kushuka kidogo kama anayetaka kukaa kwenye kiti, kutembea kiubavuubavu. Yakiuma kidogo na kesho asubuhi umerudi ulivyokuwa, endelea. Ukiamka vibaya zaidi, punguza.

Yanafaa kweli? Kuna jaribio jingine la Australia, Brisbane na Melbourne, lililochapishwa 2018 katika jarida la BMJ. Watu 204. Kundi moja walifundishwa mazoezi na namna ya kuishi na nyonga, vikao 14 ndani ya wiki nane pamoja na ya nyumbani. La pili sindano moja ya steroidi. La tatu walishauriwa na kuachwa wasubiri. Baada ya wiki nane waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa 77 katika 100 kwa mazoezi, 58 kwa sindano, 29 kwa kusubiri. Mwaka mmoja baadaye mazoezi yalikuwa bado mbele kwa nafuu ya jumla, ingawa kwa ukali wa maumivu peke yake, wa mazoezi na wa sindano walikuwa wamekaribiana sana. Nalisema hilo la mwisho ili usinione nauza mazoezi kama kliniki zinavyouza PRP.

Kuna namba moja ya zamani kidogo ninayoipenda kwa ajili ya watu wanaoacha. Mwaka 2009 walilinganisha steroidi, mazoezi ya nyumbani, na mashine ya mawimbi ya mshtuko inayogongagonga pale panapouma. Mwezi wa kwanza steroidi iliwafaa 75 katika 100, mazoezi 7 tu. Saba! Ungekuwa humo ungeacha, na mimi pia. Mwezi wa 15 mazoezi yalikuwa 80, mawimbi 74, steroidi 48. Wewe uliacha wiki ya tatu.

Lakini si kila mtu anaweza. Vikao 14 ni nauli 14, ni alfajiri 14 za chapati zisizouzwa, na mtaalamu wa fiziotherapia anayezijua kano hizi hapatikani kila kituo. Mwingine maumivu yamemshika mno hawezi hata kuanza, na hapo ndipo sindano huwa na maana nyingine: inamfungulia dirisha la wiki chache apate kufanya kazi ambayo sindano haiwezi kumfanyia. Swali ninalokuachia ni hili: ile miezi minne ya kwanza ulipolala vizuri, uliitumiaje? Nadhani ulirudi kwenye kikaango. Hata mimi ningerudi.

Agosti iko miezi mitatu kutoka ulipoandika. Inatosha wiki nane na chenji. Inatosha pia kwa sindano, kama utaitaka kwa ajili ya siku ile, lakini usiiweke wiki ya harusi yenyewe, maana siku moja mbili za mwanzo huweza kuuma zaidi, na sukari kupanda huku nyumba imejaa biriani na halua si jambo la kuchezea. Na mama wa bibi harusi akiwapokea wageni ameketi kwenye kiti kirefu chenye kitambaa kizuri, wapo watakaoona ndiyo heshima yenyewe.

Kuna mambo madogo ambayo hayagharimu. Kigoda chako kifupi kinaukunja mguu kupita kiasi. Tafuta kiti kinachoacha magoti chini kidogo ya nyonga, hata kama meko lazima yainuliwe kwa matofali. Kwenye kikaango usiegemee nyonga moja kama tunavyopenda sote. Panua miguu, gawa uzito. Usikunje nne mkekani. Kikao cha tahiyatu ya mwisho unakalia kalio la kushoto, lilelile. Kusali juu ya kiti ni ruhusa ya mgonjwa, muulize ustadhi wako upate utulivu wa moyo. Usiku weka mto mnene kati ya magoti mpaka vifundoni, kwa sababu hata ukilalia kulia, mguu wa kushoto ukidondoka mbele, kano inakazwa vilevile. Na usisubiri lolote kati ya haya ukipata homa, ukikonda bila sababu, ukishindwa kukanyaga baada ya kuanguka, au maumivu yakikuamsha kwa namna isiyojali umelalia wapi. Hapo ni hospitali.

Kuhusu mdogo wako, umeniandikia kama vile hela yake ina njia moja tu ya kutumika. Amesema atalipia PRP, au amesema anataka dada yake apone? Huenda angefurahi kulipia picha ya altrasaundi kwanza na nauli za vikao, na hiyo PRP ikabaki baadaye kama bado ina sababu. Huenda asifurahi, akaona unamkatalia. Wewe unamjua.

Mumeo nenda naye kliniki safari ijayo. Anasema "tuchome ile tunayoijua" kwa sababu ndiyo pekee aliyoiona ikikurudisha, na hajaambiwa na mtu yeyote kuhusu kano na kamba ya kisima. Na lile swali aliloliuliza kwa sauti ya chini, mjibu leo, kabla hujaamua lolote la sindano. Mwambie ni nyonga. Halafu mshike pamoja godoro na mito, mgeuze mchago uende kule kwenye miguu. Wewe ubaki palepale ndani, ubavu wako uleule wa kulia. Ukilala utakuta ukuta uko mgongoni, na yeye yuko mbele yako.